Vim na ubao wa kunakili: acheni kujisifia mateso

Nina kero, na leo naitoa yote. Kuna ugonjwa umetuingia sisi watunga programu. Dalili yake ni hii: mtu akipata tabu na chombo chake cha kazi, harekebishi chombo, anaigeuza tabu kuwa sifa. Muulize kwa nini kihariri chake hakiwezi kunakili mstari mmoja na kuupeleka kwenye dirisha la pili, atakujibu kwamba mtunga programu wa kweli hahitaji hilo. Eti kunakili na kubandika ni kazi ya makarani. Eti ukiijua Vim vizuri hutakuwa na sababu ya kutoka ndani yake.

Mimi natumia Vim kila siku, kwa hiyo sisemi kama adui. Nasema hivi: kihariri ambacho hakizungumzi na ubao wa kunakili wa kompyuta ni kihariri ambacho hakijamaliziwa, na anayekitetea hivyo kilivyo anawaumiza watu ambao hawajawahi hata kulisikia neno Vim. Hapa Galbet, na Garissa yote, watu hao wana majina. Majina yenyewe ndiyo kesi yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Ukinakili kitu kwenye kivinjari, kitu hicho kinawekwa mahali pa pamoja ambapo programu yoyote nyingine inaweza kukichukua. Hapo ndipo ubao wa kunakili. Ni kama mkeka wa barazani: yeyote wa nyumba anaweza kuweka na yeyote anaweza kuchukua. Vim nayo ina mifuko yake ya ndani inayoitwa rejista. Ukibonyeza yy, mstari unaingia kwenye mfuko wa Vim na unabaki humo. Nenda kwenye kivinjari ubandike, kitatoka kile ulichonakili asubuhi. Mfuko mmoja haujui mkeka una nini, na mkeka haujui mfuko una nini.

Kwa nini iko hivyo? Sababu ipo, na ni ya haki kabisa. Bill Joy aliandika vi mwaka 1976 huko Berkeley, California. Mashine aliyokuwa akitazama ilikuwa skrini moja ya herufi, na laini ya simu iliyokuwa ikisafirisha herufi polepole kama punda wa maji. Hapakuwa na dirisha la pili. Utanakili upeleke wapi? Katika miaka hiyohiyo, Larry Tesler na Tim Mott walikuwa Xerox PARC wakitengeneza kihariri kiitwacho Gypsy, na humo ndimo kukata, kunakili na kubandika kulikopata sura tunayoijua leo. Mfumo wa madirisha wa X ulikuja mwaka 1984. Vim ya Bram Moolenaar ilitolewa kwa umma mwaka 1991. Kwa hiyo vi haina kosa. Ilizaliwa kabla ya mkeka kutandikwa.

Lakini historia inaeleza tu, haihalalishi. Vim imejua kutumia ubao wa kunakili kwa miaka mingi. Ina rejista mbili kwa kazi hiyo. Ya alama + ni ubao wenyewe. Ya alama * kwenye Linux ni yale maneno uliyoyachagua kwa kipanya, ambayo hubandikwa kwa kitufe cha katikati. Kwenye Windows na Mac hizo mbili ni kitu kimoja. Tatizo ni kwamba uwezo huu huwekwa au huachwa wakati programu inapojengwa. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi kinachoitwa vim kwa miaka mingi kimekuwa kikija bila uwezo huo. Hebu jaribu kwako:

vim --version | grep clipboard

Ukiona +clipboard, una bahati. Ukiona -clipboard, basi umepewa nyumba isiyo na mlango, na watu wanakuambia ukuta ni mzuri kwa afya.

Sasa nije kwenye majina.

Nimekaa karibu na kijana mmoja katika ofisi ambayo sitaitaja. Kijana hodari, mwenye bidii. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuchukua majina ya wanafunzi walioomba basari, yaliyokuwa kwenye faili ndani ya seva, na kuyajaza kwenye fomu ya tovuti moja baada ya jingine. Faili aliifungua kwa Vim kupitia SSH kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Alijaribu Ctrl+C, haikunakili kitu, kwani ndani ya Vim vitufe hivyo ni vya kukatiza kazi. Alijaribu kuburuta kipanya. Maneno yalibadilika rangi kama yamechaguliwa, lakini Vim hiyo ilikuwa imekidaka kipanya yenyewe, kwa hiyo teminali haikuona chochote cha kunakili. Akakata tamaa. Akaanza kuyasoma kwa jicho na kuyaandika upya kwa kidole.

Kwenye faili palikuwa na Mohamud. Kwenye fomu ukaingia Mohamed.

Msomaji wa mbali atasema, herufi moja tu. Msomaji wa hapa ameshaelewa. Mohamud na Mohamed si tahajia mbili za jina moja, ni majina mawili, ya watu wawili, pengine ndugu wa tumbo moja. Kidole kiliandika lile linalotokea mara nyingi zaidi, maana jicho lililochoka husoma lilichozoea. Nilimwonyesha, akarekebisha. Lakini mimi sikukaa hapo siku nzima, na orodha ilikuwa ndefu.

Fikiria sasa uzito wa herufi katika majina yetu. Maandishi rasmi ya Kisomali kwa herufi za Kilatini yalianza kutumika Somalia mwaka 1972. Katika tahajia hiyo x ni ile h nzito ya kooni, na c ni ile ayn ya Kiarabu. Kwa hiyo kuna Maxamed, Xuseen, Cabdi, Cali na Cumar. Vitambulisho vya Kenya vimezoea tahajia ya Kiingereza: Mohamed, Hussein, Abdi, Ali na Omar. Mwanafunzi mmoja anaweza kuwa Cumar kwenye ujumbe wa shangazi yake, Omar kwenye cheti cha kuzaliwa, na Omari kwenye kidole cha karani aliyekulia pwani. Tena jina letu ni la watu watatu: lako, la baba na la babu. Ukiandika upya kwa mkono, una nafasi tatu za kukosea mtu mmoja.

Kompyuta haina huruma katika jambo hili. Inalinganisha herufi kwa herufi. Kwake Mohamed na Mohammed ni watu tofauti kama Fatuma na Halima. Jina la cheti cha shule lisipolingana na la kitambulisho, mtu anatumwa kwa wakili akaape kwamba yeye ni yeye. Anapanda gari, analipa, anasubiri, anarudi wiki ijayo.

Na huku kwetu hilo halijawahi kuwa usumbufu wa karatasi tu. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wasomali wa Kenya kuona nani ni raia na nani si raia. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kijana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyetaka kitambulisho alikaa mbele ya kamati akaulizwa babu yake ni nani, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakuulizwa. Wapo maelfu ya Wakenya ambao alama zao za vidole zilikutwa kwenye kumbukumbu za wakimbizi wa Dadaab, wakanyimwa vitambulisho vya nchi yao. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa msasa huo wa ziada. Vizuri. Lakini tangazo la Rais halirekebishi herufi iliyokosewa kwenye hifadhidata. Herufi hiyo inabaki pale, inasubiri siku mwenye jina atakapolihitaji.

Sasa mnaelewa kwa nini sicheki mtu anaposema kunakili ni kazi ya makarani. Kunakili ni kazi ya uaminifu. Kitu kilichonakiliwa kimefika kama kilivyotoka. Kitu kilichoandikwa upya kimepita kwenye kichwa cha mtu, na kichwa kina mazoea yake.

Najua majibu yenu. Nimeyasikia yote, basi niyajibu moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza: rejista za Vim zinatosha, tena ziko nyingi, kuanzia a hadi z. Kweli, na nazitumia. Lakini hata ungenipa mifuko mia, yote imeshonwa kwenye koti moja. Fomu ya basari haiko ndani ya Vim. Barua pepe ya mwalimu mkuu haiko ndani ya Vim. Kazi ya siku hizi ni kusafirisha maneno kati ya programu na programu. Anayesema hahitaji kutoka ndani ya Vim anatuambia habari za kazi yake, hatuambii habari za kazi yetu.

Jibu la pili: tumia kipanya, shikilia Shift ukiburuta, teminali itanakili. Ni kweli Shift inamnyang'anya Vim kipanya. Lakini hapo unanakili picha ya skrini, si faili. Orodha ikizidi urefu wa skrini, sehemu iliyofichika haimo. Ukiwa umewasha namba za mistari, namba zinanakiliwa pamoja na majina. Ukiwa umegawanya dirisha mara mbili, unapata mistari ya upande wa pili pia. Herufi za tabo zinaweza kugeuka nafasi tupu, na faili iliyotenganishwa kwa tabo inavunjika kimyakimya. Kwa jina moja njia hii itakufaa. Kwa majina hamsini unajitafutia kesi.

Jibu la tatu: kazi ya orodha ifanywe kwa skripti, si kwa kunakili. Hapa nakubali kabisa. Majina mia sita yasipite kwenye ubao wa kunakili wa mtu yeyote. Yapite kwenye programu inayosoma faili na kuandika hifadhidata. Lakini tovuti nyingi za ofisi zina fomu tu, hazina mlango wa skripti. Na hata pale skripti inapofanya kazi, marekebisho huja moja moja: jina hili limekosewa, lirekebishe, namba hii si yake, iondoe. Marekebisho ya moja moja ndipo mtu anaposhawishika kuandika kwa mkono, na marekebisho yaliyokosewa ni mabaya kuliko kosa la kwanza, kwa sababu sasa kila mtu anaamini jambo limekwisha.

Jibu la nne ndilo zito: usalama. Ubao wa kunakili unasomwa na kila programu. Mwaka 2020, toleo la iOS 14 lilipoanza kuonyesha ilani kila programu inaposoma ubao, watu walishangaa kuona ni programu ngapi zilikuwa zikichungulia. Android ilizuia programu zilizo nyuma ya pazia kusoma ubao kuanzia toleo la 10 la mwaka 2019, na toleo la 12 la mwaka 2021 likaongeza ilani. Kwa hiyo hofu hii ina msingi, na ndiyo maana siwaungi mkono wale wanaoweka mstari huu na kusahau:

set clipboard=unnamedplus

Mstari huo unafanya kila unachonakili na kila unachofuta ndani ya Vim kimwagike barazani. Ukifuta mstari wenye nywila, nywila iko mkekani. Tena unapoteza kile ulichonakili kwenye kivinjari, kwa sababu tu umefuta neno moja kabla ya kubandika. Wapo wanaoupenda. Mimi nasema mlango uwepo, lakini ufunguliwe kwa mkono. Rejista ya + iitwe kwa jina lake pale unapotaka.

Halafu hoja ya usalama ina upande wa pili ambao watetezi hawautaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haitaki data za watu zilindwe tu. Inataka pia ziwe sahihi, na zikiwa na kosa zirekebishwe. Jina lililokosewa kwa sababu kihariri hakikuweza kulinakili ni kasoro chini ya sheria hiyohiyo mnayoitumia kunitisha.

Jibu la tano: kama huipendi, tumia kihariri kingine. Kwa nani? Seva ya mbali mara nyingi ina vi au Vim, basi. Kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu kidogo haibebi vihariri vizito. Na wapo vijana hapa wanaojifunza kazi hii kwenye simu, kwa Termux, kwa sababu simu ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo. Vim inafika kwa watu hao wote. Hiyo ndiyo sababu inastahili kurekebishwa, na si kukimbiwa.

Basi tusiishie kulalamika. Kwenye Debian au Ubuntu yenye madirisha, weka kifurushi chenye uwezo huo:

sudo apt install vim-gtk3

Bado utaitumia ndani ya teminali kama kawaida. Kisha kwenye .vimrc yako weka mistari hii mitatu:

nnoremap <Space>y "+y
vnoremap <Space>y "+y
nnoremap <Space>p "+p

Sasa chagua maneno, bonyeza nafasi kisha y, nenda kwenye kivinjari ubandike. Kurudi ndani, nafasi kisha p. Ukiwa unaandika, Ctrl+R ikifuatwa na + inabandika palepale ulipo.

Anayetumia Neovim hana haja ya kifurushi hicho. Neovim huazima mkono wa programu ndogo za nje: xclip au xsel kwenye X, wl-copy na wl-paste kwenye Wayland, termux-clipboard-set na termux-clipboard-get kwenye simu yenye Termux:API. Andika :checkhealth nayo itakuambia imepata ipi na imekosa ipi.

Ukiwa kwenye seva kupitia SSH, kama yule kijana, kuna ujanja mmoja uitwao OSC 52. Kihariri kilicho kwenye seva kinaituma teminali yako mfuatano maalumu wa herufi wenye maneno uliyonakili, na teminali inayaweka kwenye ubao wa kompyuta iliyo mbele yako. Hakuna haja ya kuweka mfumo wa madirisha kwenye seva. Neovim imekuja na uwezo huu ndani yake tangu toleo la 0.10 la mwaka 2024. Kwenye Vim kuna programu-jalizi ya vim-oscyank. Ukitumia tmux, ongeza mstari huu kwenye mipangilio yake:

set -g set-clipboard on

Si teminali zote zinazokubali. Kitty, WezTerm, Alacritty na Windows Terminal zinakubali. Nyingi huruhusu seva iandike kwenye ubao na kuikataza isisome, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: mgeni aweke zawadi mkekani, asipekue vya wenyewe.

Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Dakika kumi! Na bado nakutana na watu waliomaliza kozi nzima, wanaojua kufuta mabano kwa vitufe vitatu, wanaojua njia saba za kutoka ndani ya Vim, na hakuna aliyewaambia habari za rejista ya +. Hapo simlaumu mwanafunzi. Namlaumu mwalimu aliyefundisha Vim kama jando: lazima uumie kwanza ndipo uhesabiwe. Enyi mnaofundisha, somo hili liwe la siku ya kwanza, mara tu baada ya kuhifadhi faili na kutoka. Nanyi mnaoandaa mashine za ofisi, msimpe karani Vim yenye -clipboard kisha mkamlaumu kwa makosa ya majina.

Na kwa wale wanaodhani kuitaka Vim iwafae makarani ni kuidhalilisha, nawakumbusha imetoka mikononi mwa nani. Bram Moolenaar, aliyefariki Agosti 2023, alikuwa Mholanzi aliyejitolea mwaka mzima wa 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Aliiachia Vim bure, na badala ya malipo akaomba watumiaji wawasaidie watoto hao. Andika :help uganda utasoma mwenyewe. Ni programu chache sana duniani ambazo ukizifungua tu, kabla hujaandika herufi moja, zinakutajia mtoto wa Afrika Mashariki.

Mtu wa namna hiyo hakuandika kihariri ili kipimwe kwa mateso kinayoleta. Hakika hakukiandika ili binti wa Galbet anayeitwa Halimo akose basari kwa sababu mtu aliona haya kubandika, akaandika Halima.

Fungueni teminali, andikeni ile amri ya kwanza, mtazame kama ni + au -. Kazi kwenu.